"Pick holes", "nitpick" au sufuria na masizi? Kuchagua nahau ya Kiingereza ya kumsema mtafuta kasoro

Kiingereza kina nahau chungu nzima za kumsema mtu anayetafuta kasoro. Sisi tukizileta nyumbani tunazitia zote kapu moja: kutafuta makosa. Ndiyo maana mtu anamwandikia mkuu wake wa kazi barua pepe akidhani amekubali hoja kiungwana, kumbe amemwita mpuuzi. Mhariri naye anamfanya mbunge aliyetoa hoja nzito aonekane mbishi wa vijineno.

Kipimo changu ni kimoja: tazama lawama inamwangukia nani. Kwa juujuu nahau hizi zinazungumzia kosa, lakini karibu zote zinamsema yule anayelionyesha. Moja tu inakubali kwamba huenda kitu chenyewe kina tundu kweli. Zilizobaki zinamrudi msemaji: anashupalia vidogo, anapasua kisichopasuka, au hana haki ya kufungua mdomo. Ukishajua hilo, kuchagua kunakuwa rahisi.

Kwa mifano nitaazima kamati ya harusi, kwa sababu sijui kikao kingine ambamo kasoro hutafutwa kwa bidii namna ile. Bajeti iko mezani, mweka hazina ana daftari lake, mwenyekiti anataka ipite kabla watu hawajaanza kuaga. Wajumbe ni wa kubuni, ila nadhani mtawatambua.

"Pick holes": tundu lilikuwepo, au umelitoboa wewe?

Mjumbe wa kwanza ananyoosha mkono. "Mwenyekiti, chakula kimepigiwa hesabu ya watu 250. Kadi tulizochapisha ni 200, zote za watu wawili wawili. Hao 150 waliobaki watakula nini?"

Mwingereza aliyeketi pembeni angesema kwamba mama huyu "picked holes in the budget", na asingekosea. Bajeti ina tundu, na mama ametia kidole humo.

Asili ya nahau hii ni koti. Tangu zama za Shakespeare watu walizungumzia tundu katika koti la mtu wakimaanisha aibu yake iliyofichika, na kulikuwa na usemi kamili wa "to pick a hole in someone's coat". Kitenzi "pick" hapo hakina maana ya kuchagua wala kuokota. Ni kile kitendo cha kuchokoachokoa kwa kitu chenye ncha mpaka kitambaa kiachie. Baadaye koti liliachwa, matundu yakabaki, na leo yanatobolewa katika hoja, mipango, nadharia na maelezo ya mshitakiwa kuhusu alikokuwa usiku wa tukio.

Tamthilia ya Shakespeare ya Henry V, ya mwaka 1599 au karibu na hapo, inaonyesha picha hiyo vizuri. Jeshi la Uingereza liko Ufaransa, mwaka 1415. Pistol, mjivuni asiye na lolote, anamwomba Kapteni Fluellen amwokoe rafiki yake Bardolph, ambaye anakwenda kunyongwa kwa kuiba kanisani. Fluellen anakataa, na Pistol anaondoka akitukana. Hapo Kapteni Gower anamfumbua macho mwenzake: watu wa aina ya Pistol hukariri majina ya majemadari na mahali palipopiganwa, ili wakirudi London wakatambe vilabuni kana kwamba walikuwepo. Fluellen anajibu kwamba akiona tundu katika koti la huyo bwana, atampasulia ukweli wake.

Angalia kitenzi alichotumia: akiliona tundu. Hasemi atalitoboa. Miaka mia mbili hivi baadaye, mwaka 1789, mshairi wa Scotland Robert Burns aliwaonya Waskoti wenzake kwa picha hiyo hiyo: kama makoti yenu yana tundu, liangalieni, maana kuna bwana mmoja kati yenu anaandika kila kitu, na haki ya Mungu atakichapisha. Bwana huyo alikuwa Kapteni Francis Grose, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuwa akizunguka nchi kukusanya habari za magofu. Hata kwa Burns, tundu lilikuwepo kabla ya mgeni kufika.

Kwa hiyo nahau hii ina ncha mbili. Anayeitumia anaweza kumaanisha kwamba mkosoaji amelionyesha tundu, au kwamba amekaa akichokoa mpaka likatokea. Muktadha ndio unaoamua. Kiswahili kinatenganisha mambo haya vizuri zaidi: aliyeliona tundu ametoa kasoro, aliyelitengeneza ametia doa. Ukitafsiri, lazima uchague upande mmoja, na kuchagua vibaya ni kumsingizia mtu.

Usije ukaandika tu kwamba mama yule "ametoboa bajeti". Kijana wa leo akisikia fulani ametoboa, anampongeza: mambo yake yamenyooka, amefanikiwa. Na kutoboa siri ni habari nyingine kabisa. Kwa mama wa kadi 200 mimi ningeandika kwamba ameonyesha palipo na kasoro katika bajeti, basi.

Wamarekani husema zaidi "poke holes", na kwao neno hilo ni jepesi kidogo. Mtu anaweza kuwasambazia wenzake andiko lake akawaomba kabisa wali-"poke holes" kabla halijafika juu. Hiyo ni heshima, si uchokozi. "Pick holes" ya Waingereza haiombwi hivyo. Ina kanyongo fulani ndani yake. Ukitaka kumwalika mtu akukosoe, chukua ya Wamarekani.

Jambo moja zaidi la matumizi: vinavyotobolewa matundu ni kazi au maneno ya mtu. Andika "pick holes in his argument". Ukitaka kumsema mtu mwenyewe, Kiingereza kina "find fault with", ambayo haina picha yoyote, haina mzaha, na ndiyo salama kuliko zote katika ripoti rasmi. Ni kavu, lakini haitakuponza.

"Nitpick": chawa, ila si chawa wale

Mjumbe wa pili amesubiri zamu yake. "Mwenyekiti, ukurasa wa pili hapa, 'mapambo' limeandikwa 'mpambo'."

Huyu ndiye "nitpicker". Kosa lipo, hakuna anayelikana, ila haliongezi sahani wala kupunguza kiti.

"Nit" ni yai la chawa, na neno hilo limo katika Kiingereza tangu kale sana. Kitenzi cha kumsema mtu nacho ni kichanga, na kimetoka Marekani. Mwaka 1951 jarida la Collier's lilieleza maneno yanayotumika Pentagon, makao makuu ya ulinzi, na miongoni mwake yalikuwemo majina ya aina mbili za watu wa ofisini. Wa kwanza waliitwa kwa picha ya vidoa vya nzi: hawa hupitia karatasi wakiwinda dosari za uandishi, wasijali kuboresha wazo. Wa pili ndio wateua mayai ya chawa: hugombania vijineno na vijimaana, na wakimaliza hawana pendekezo la maana la kurekebisha. Picha ya vidoa vya nzi imefifia. Ya mayai ya chawa imeenea dunia nzima.

Mimi napenda sana ile sehemu ya mwisho ya maelezo, ya kutokuwa na pendekezo. Leo tunadhani ubaya wa "nitpicker" ni kuangalia vidogo. Maafisa wale walilalamikia jambo zito zaidi: anaonyesha kidogo, halafu hasaidii. Mjumbe wa "mpambo" angesema, "Nimeshalisahihisha kwenye nakala yangu, nitamtumia katibu," asingekuwa na dhambi.

Na tukisema kweli, kuteua mayai ya chawa ni kazi ya maana. Yai lenyewe halifiki milimita moja. Limegandishwa kwenye unywele, karibu kabisa na ngozi ya kichwa, kwa gundi isiyotoka kwa maji wala kwa kuchana kwa haraka. Jike anaweza kutaga hata mayai 8 kwa siku, na wiki moja hivi baadaye yanaanguliwa. Ukiacha mawili matatu kwa uvivu, kazi yote ya jana imepotea. Mama anayemwekea mtoto kichwa mapajani na kupitisha kitana chenye meno membamba, fungu kwa fungu, hapotezi wakati. Anayesahihisha prufu za kitabu au lebo za dawa pia hapotezi wakati, na ukimwita "nitpicker" umemkosea adabu.

Kiswahili kimemwona chawa kwa jicho lingine kabisa. Methali yetu ni "Kidole kimoja hakivunji chawa": kumuua kunataka kucha mbili zikutane, kwa hiyo mafunzo yake ni ya kushirikiana. Halafu kuna chawa wa mtaani. Tanzania ya siku hizi, chawa ni mpambe, yule anayemganda tajiri au kiongozi akimsifia asubuhi na jioni. Ukitafsiri "nitpicker" kwa neno lolote lenye chawa ndani, msomaji wako wa Kariakoo ataelewa kinyume chake: badala ya mtu asiyesifu chochote, atamwona mtu anayesifu kila kitu. Andika "anashupalia vidogo" au "anachokonoa vitu vidogovidogo". Kama unamwambia mtu mzima anayetaka kuvunja jambo kubwa kwa ajili ya dogo, kuna methali yenye adabu: "Kosa moja haliachi mke."

Sasa kanuni ya kuchagua, na hii ndiyo watu wanaikosa zaidi. "Nitpick" ni adabu ukijisemea mwenyewe, ni tusi ukimwambia mwenzako. Waandishi wa programu za kompyuta wanapokaguliana kazi huanza maoni madogo kwa neno "nit" na nukta mbili. Maana yake: hili ni dogo, ukitaka lirekebishe, halizuii kazi kupita. Mkaguzi anajishusha ili mwenzake asijisikie vibaya. Hebu geuza: mkaguzi ametoa hoja, nawe unajibu "you are nitpicking". Umemwambia hoja yake haina thamani na yeye ana muda wa kuchezea. Kama ni mkubwa wako kazini, tafuta njia nyingine ya kupita.

"Split hairs": mpaka nani aseme ni unywele

Mjumbe wa tatu ni mzee mmoja mtulivu. "Hiyo milioni tatu isiandikwe mchango. Iandikwe ahadi."

Mwenyekiti anacheka. Kwa Kiingereza angesema, "Let's not split hairs."

Watu wengi huchanganya nahau hii na ile ya chawa kwa sababu zote zina nywele, na kwa kweli ziko jirani. Tofauti ni kwamba yai la chawa ni kitu kilichopo, dogo lakini lipo. Kupasua unywele ni kutenganisha vitu viwili ambavyo msemaji anadai ni kimoja. "Nitpick" inakubali kosa na kulidharau. "Split hairs" inakana kwamba kuna tofauti yoyote. Ukimjibu aliyekuonyesha kosa la tahajia kwa kumwambia asipasue nywele, umetumia nahau isiyo yake. Neno limekosewa, hapo hapana cha kupasua.

Shakespeare anatusaidia tena, safari hii katika sehemu ya kwanza ya Henry IV. Waasi wamekutana Wales wakiwa na ramani, wanaigawana nchi ambayo bado hawajaiteka. Hotspur analalamika kwamba mto Trent unapinda na kumega fungu lake. Anataka uchimbiwe njia mpya. Wanabishana mpaka mwenzake anakubali. Mara Hotspur anageuka: kwa rafiki anayestahili angetoa ardhi mara tatu ya hiyo bila kinyongo, lakini kwenye mapatano atagombania hata sehemu ya tisa ya unywele. Unywele wa mtu kwa kawaida haufiki sehemu ya kumi ya milimita. Gawanya hiyo kwa tisa.

Wafanyabiashara wote wanamwelewa Hotspur. Hata mzee wetu wa kamati anaeleweka: ahadi ni maneno, mchango ni fedha iliyokwisha kuingia, na mweka hazina aliyewahi kubebeshwa deni la mpishi wiki moja baada ya harusi hawezi kuita tofauti hiyo unywele. Ndiyo maana nahau hii naiogopa kidogo. Mara nyingi inatoka kinywani mwa mtu ambaye tofauti hiyo inamuumiza. Mwanasheria wa upande mmoja husema mwenzake anapasua nywele. Hakimu akitoka chumbani na hukumu, unywele umegeuka kamba.

Itumie ukiwa na uhakika kwamba pande zote mbili za tofauti zinaleta matokeo yale yale. Kwa Kiswahili, "kubishania maneno" inatosha mara nyingi.

Masizi, vioo na boriti

Hapa mambo yanabadilika. Nahau tatu zinazofuata hazijali kosa ni kubwa au dogo. Zinauliza: wewe unayesema ni nani? Watu huzitumia kama zinabadilishana, nami naona hapo ndipo penye utamu wa kulinganisha, kwa sababu kila moja inapima deni la msemaji kwa mizani yake.

Rudi kwenye kamati. Mjumbe wa nne anafoka kwamba watu hawatoi ahadi zao, naye hajatoa yake, ya 100,000, kiasi kile kile anachodaiwa mwenzake anayefokewa. Huyo ni "the pot calling the kettle black". Deni sawa kwa sawa.

Mjumbe wa tano ameshalipa, hana doa. Anamtangaza mbele ya watu shemeji aliyechelewa, akisahau kwamba mwezi ujao mwanawe anaoa na bahasha ya kwanza itapelekwa kwa shemeji huyo huyo. Kwake ni "people who live in glass houses shouldn't throw stones". Bado hajakosa, ila yuko mahali pabaya pa kurushia mawe.

Mjumbe wa sita anadaiwa 500,000 na anamsakama anayedaiwa 20,000. Huyu ana boriti jichoni.

Tuanze na masizi. Mwaka 1615 mwandishi wa Kihispania Cervantes alichapisha sehemu ya pili ya riwaya yake Don Quixote, na ndani yake Sancho Panza anakaripiwa na bwana wake kwa kumwaga methali ovyo. Taabu ni kwamba bwana, katika kukaripia, naye anatumia methali. Sancho anamjibu kwa methali nyingine tena: kikaango kiliiambia sufuria, ondoka hapa we mwenye macho meusi. Thomas Shelton aliitia sehemu hiyo katika Kiingereza, ikatoka mwaka 1620. Mwaka 1693 William Penn, yule Mkristo wa madhehebu ya Wakweka (Quakers) aliyeanzisha koloni la Pennsylvania huko Marekani, aliandika maneno karibu kabisa na tunayotumia sasa, akitaja mifano: mlevi anayelaani ulevi, mwongo anayelaani ughushi, dhalimu anayelaani uasi.

"Kettle" ya watu hao haikuwa birika la chai. Ilikuwa chombo kikubwa cha chuma cha kuchemshia, kikikaa juu ya moto wa kuni pamoja na chungu, vyote viwili vimepakwa masizi sawasawa. Mtoto aliyekulia kwenye jiko la gesi na birika la umeme lenye kung'aa ataona nahau hii haina kichwa wala miguu. Aliyewahi kusugua tako la sufuria kwa majivu na kumbi la nazi hahitaji maelezo. Lipo pia shairi la watoto la Kimarekani la karne ya 19 lililogeuza kisa: sufuria imesuguliwa inang'aa, na weusi ambao chungu kinauona ni kivuli chake chenyewe. Ni kisa kizuri, ila kimekuja baadaye. Ukiambiwa ndiyo asili, usikubali.

Mtego wa nahau hii ni huu: ukishutumiwa kisha ukajibu "that's the pot calling the kettle black", umekiri. Umesema, naam, mimi mweusi, ila na wewe. Mtazamaji wa nje anaweza kuitumia bila wasiwasi. Mshitakiwa aifikirie mara mbili. Na katika mazungumzo ya kawaida Ulaya au Marekani wengi huikata wakasema "pot, kettle" tu, rangi ikaachwa. Asili yake ni masizi, si rangi ya ngozi, lakini mbele ya watu usiowajua fomu fupi ndiyo salama.

Kwa Kiswahili utakimbilia "Nyani haoni kundule", na magazeti huichapa bila haya. Inafanya kazi, ila si pacha kamili. Nyani haoni, tatizo lake ni upofu. Chungu cha Waingereza kina macho na bado kinasema. Tena kuna suala la mahali. Mbele ya wakwe, au ukiwa umesimama msikitini au kanisani, kile kiungo cha nyani kinakwama kooni. Kwa mahali hapo yupo ngamia: "Ngamia haoni nunduye." Maana ni ile ile, na nundu unaweza kuitaja mbele ya yeyote.

Vioo havinichukui muda. Mshairi wa Kiingereza Chaucer, katika shairi refu alilolitunga miaka ya 1380, alisema mwenye kichwa cha kioo ajihadhari na mawe vitani. Kichwa kikawa nyumba. Mkusanyo wa methali wa George Herbert uliotoka mwaka 1640 unasema kwamba mwenye nyumba ya kioo asimrushie mwenzake mawe. Ni onyo, si shutuma, kwa hiyo ndiyo ya upole kuliko hizi tatu na ndiyo unayoweza kumwambia rafiki kabla hajasimama kuongea. Kwa Kiswahili siku hizi utasikia watu wakisema moja kwa moja kuhusu nyumba ya vioo na mawe, hasa kwenye siasa, na inaeleweka. Sioni haja ya kuitafutia mbadala.

Boriti ni ya Injili, Mathayo 7 na Luka 6: unakiona kibanzi katika jicho la ndugu yako, na boriti iliyo jichoni mwako huioni. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina "mote" na "beam". Tafsiri za karibuni zinasema "speck" na "plank" au "log". Ukiandika insha, chukua ya 1611. Ukizungumza na kijana wa Marekani, "beam" atadhani ni mwanga, mpe "log". Picha hii ilikuwa hai kwa Wayahudi wa zama hizo. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inamnukuu Rabi Tarfon akishangaa kama katika kizazi chake yupo anayekubali kukaripiwa, maana ukimwambia mtu aondoe kibanzi, anakujibu uondoe boriti.

Hapa Kiswahili kimebahatika kuliko Kiingereza chenyewe. "Mote" imekufa kama neno la kawaida. Kibanzi na boriti viko hai, na mtu wa pwani boriti anaijua kwa mikono yake. Fundi wa Lamu anatofautisha fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa unene wake, na majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji mpaka Oman na Ghuba, kwenye nchi zisizo na miti ya kuezekea. Gogo linalobeba dari la chumba, liwe ndani ya jicho! Kichekesho hicho Mwingereza wa leo inabidi aelezwe. Msomaji wako haelezwi. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuchagua, na aliyekosea kidogo anasakamwa na aliyekosea sana, usihangaike na nyani wala chungu.

Na farasi wa kupewa

Mjumbe wa saba, maana kila kamati inaye: mjomba amejitolea gari lake limbebe bibi harusi, bure, mafuta juu yake. Mjumbe anauliza ni la mwaka gani.

Kiingereza kinamwambia "don't look a gift horse in the mouth". John Heywood aliiweka kwenye mkusanyo wake wa methali za Kiingereza mwaka 1546, na Mtakatifu Jerome, mwishoni mwa karne ya 4, alikwisha kuitaja kwa Kilatini kama methali ya watu. Farasi hupimwa umri kwa meno: akizeeka fizi hurudi nyuma na meno huonekana marefu, hivyo kumfungua mdomo farasi wa zawadi ni sawa na kuuliza bei mbele ya mtoaji. Itumie kwa vitu vya bure peke yake. Ukiwa umelipa, una haki ya kuhesabu meno yote. "Mchagua nazi hupata koroma" iko karibu, lakini hiyo inamsema mwenye kuchaguachagua hata sokoni kwa fedha yake, kwa hiyo isikupeleke huko kama jambo ni zawadi.

Ukibanwa na muda

Kwa barua ya ofisini kwenda juu, "find fault" ukiripoti ya watu wengine, na usitumie nahau yoyote ukijibu yaliyokupata wewe. Kubali hoja, rekebisha, tuma. Kwa mwenzako wa dawati moja, "poke holes" ukiomba maoni na "just a nitpick" ukiyatoa. "Split hairs" iache mpaka uwe umeangalia nani anafaidika tofauti ile ikifutwa. Zile tatu za masizi, vioo na boriti ni za maoni ya gazetini na za mdomo, si za kumbukumbu za kikao, kwa sababu katibu akiziandika amechukua upande.

Na kwenye maandishi ya chini ya filamu, ambako mhusika anasema "pot, kettle" kwa sekunde moja na wewe una mstari mmoja, weka nyani. Ni mfupi, unasomeka upesi, na watazamaji watacheka kwa wakati wake. Isipokuwa kama anayesema ni padri, hapo ngamia.